Kuvuna Maji, Kukausha Mahindi: Ufundi wa Nyumbani Kitui na Makueni

Katika kaunti za Kitui na Makueni, mvua hunyesha kwa misimu miwili: masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Wakulima wa Ukambani hutegemea zaidi vuli, kwa sababu masika huwaangusha mara nyingi. Kati ya misimu hiyo hupita miezi mikavu, na maji huletwa nyumbani kwa mitungi ya lita 20 juu ya punda au mgongoni. Nyumba ina kazi mbili basi. Ya kwanza ni kuyashika maji siku chache yanapomwagika kwa wingi. Ya pili ni kuufukuza unyevu kwenye mahindi, kunde na ndengu kabla hazijaingia ghalani. Vifaa vya kazi zote mbili huuzwa Wote, Mwingi na Kibwezi: mabati, bomba, chandarua, chupa, chumvi, turubai na gunia. Kinachokosekana mara nyingi ni kipimo, na bila kipimo mtu hubahatisha.

Hesabu ya paa ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Eneo linalohesabiwa ni lile ambalo paa hulifunika chini, kana kwamba limelazwa. Mteremko wa mabati hauongezi kitu. Nyumba yenye paa linalofunika mita 10 kwa 5 ina mita 50 za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 20 huangusha juu yake lita 1,000. Zote hazifiki tangini, maana nyingine huruka nje ya gata na nyingine hukaukia juu ya mabati yaliyopata moto. Ukipunguza asilimia 15, zinabaki lita 850. Vuli ikileta milimita 300, paa hilo hilo hutoa lita 12,750. Familia inayotumia mitungi mitano kwa siku, yaani lita 100, ingekaa na maji hayo zaidi ya miezi minne.

Lakini tangi la lita 1,000 hujaa kwa mvua mbili tu, na yanayobaki hukimbilia uani yakichimba msingi wa nyumba. Mwenye fedha kidogo hujiuliza aanze na tangi kubwa au na gata. Jibu ni gata, tena pande zote mbili za paa, kwa sababu paa lenye gata upande mmoja hupoteza nusu ya mvua hata tangi likiwa kubwa namna gani. Matangi yanaweza kuongezwa moja baada ya jingine msimu hadi msimu, na mashimo yaliyotandikwa plastiki nzito huweza kushika maji ya mifugo na bustani wakati fedha ya tangi inatafutwa.

Gata huteremka sentimita moja kwa kila mita kuelekea kwenye bomba la tangi. Mteremko mdogo kuliko huo huacha maji yamesimama, na maji yaliyosimama huzalisha mbu na kuozesha majani. Fundi asiye na levo hutumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, akaujaza maji na kushika ncha mbili kwenye pembe mbili za nyumba: maji hujipanga kwenye usawa mmoja pande zote mbili, na kutoka alama hizo huhesabu sentimita za kushuka. Kazi ikiisha, ndoo ya maji hutiwa upande wa mbali. Yakifika tangini bila kuacha dimbwi njiani, gata imekaa sawa.

Maji ya kwanza ya kila mvua hayafai kuingia tangini. Mabati hukusanya vumbi la miezi ya kiangazi, majani, na kinyesi cha ndege na mijusi, na matone ya mwanzo ndiyo yanayoosha vyote hivyo. Kiasi cha kutupa ni nusu lita kwa kila mita ya mraba ya paa, kwa hiyo paa la mita 50 hutupa lita 25. Hakuna haja ya mtu kusimama mvuani kugeuza bomba. Kabla ya bomba kuingia tangini, huwekwa tawi linaloshuka chini na kuzibwa mwishoni. Maji machafu hujaza tawi hilo kwanza, na likishajaa, yanayofuata yaliyo safi hupita juu yake kuelekea tangini. Bomba la inchi 4 hushika karibu lita 8 kwa kila mita, hivyo mita tatu zinatosha paa hilo. Nyumba fupi haina nafasi ya mita tatu. Hapo mtungi wa lita 20 huungwa chini ya kipande kifupi cha bomba. Kwenye kizibo cha chini hutobolewa tundu dogo sana ili maji hayo yavuje polepole na tawi liwe tupu kabla ya mvua nyingine, na kizibo chenyewe hufunguliwa mara kwa mara kutoa matope. Kasoro ya wengi ni kusahau hilo la mwisho: tawi likijaa tope, uchafu wote huenda tangini na mwenye nyumba anaamini amelindwa.

Tangi lenyewe linataka mambo machache. Lita 1,000 zina uzito wa tani moja, kwa hiyo msingi lazima uwe imara na sawa, la sivyo tangi la plastiki hupasuka upande ulioinama. Mdomo hufunikwa wavu mwembamba usiopitisha mbu. Mwanga usiingie, kwa kuwa mwani huota palipo na mwanga. Bomba la kutolea maji yanayofurika liwe pana kama lile la kuingizia, nalo pia liwe na wavu. Mfereji wa kuchotea huwekwa sentimita chache juu ya sakafu ya tangi ili mashapo yabaki chini.

Pale paa haliwezi kutosha, mto mkavu huchukua nafasi yake. Kitui inajulikana duniani kwa mabwawa ya mchanga: ukuta wa zege au mawe hujengwa kukata mto wa msimu, mafuriko hujaza mchanga nyuma yake, na maji hukaa kati ya chembe za mchanga, ambazo huweza kuacha nafasi ya robo ya ujazo wote au zaidi. Shirika la SASOL la Kitui pamoja na wanavijiji wamejenga mamia ya kuta hizo tangu miaka ya 1990. Jua haliyafikii maji yaliyo chini sana ya mchanga, na mchanga wenyewe huyachuja. Ufundi wa nyumbani hapa ni mdogo ila una maana kubwa: shimo la kuchotea maji ya watu mchangani lizungushiwe miiba, na punda na ng'ombe wanyweshwe kwenye chombo kilicho upande wa chini wa mto, mbali na shimo hilo.

Maji ya shimo au ya silanga bado yanahitaji kusafishwa kabla ya kunywewa, na kuni za kuyachemshia zina gharama yake. Jua linaweza kuifanya kazi hiyo. Chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, ya lita moja au mbili, isiyo na rangi wala mikwaruzo mingi, hujazwa maji na kulazwa juu ya mabati kwa saa sita za jua kali. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, iachwe siku mbili mfululizo. Mionzi ya jua pamoja na joto huua vijidudu vingi vinavyoleta kuhara. Njia hii ilijaribiwa Kenya yenyewe, kwa watoto wa Kimaasai, na matokeo yaliyochapishwa 1996 yalionyesha kuhara kumepungua. Sharti lake ni maji yasiyo na tope. Chupa huwekwa juu ya gazeti, na mtu akitazama kutoka mdomoni aweze kusoma kichwa cha habari kilicho chini yake. Asipoweza, maji yaachwe yatulie usiku kucha, yachujwe kwa kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa, kisha ndipo yapelekwe juani. Jua haliondoi chumvi, na visima virefu vingi vya kaunti hizi vina maji ya chumvi. Kwa visima hivyo dawa ni kuchanganya na maji ya paa au kuyaachia mifugo.

Hewa kavu ya Ukambani inaleta faida moja nyumbani: maji hukauka haraka, na yanapokauka huchukua joto. Vyungu viwili vya udongo visivyopakwa rangi, kidogo ndani ya kikubwa, vikitenganishwa na mchanga uliolowa, huwa friji ya sukumawiki na nyanya. Mohammed Bah Abba, mwalimu wa Nigeria, aliisambaza mbinu hiyo katika miaka ya 1990. Kwa maembe na mboga nyingi hujengwa kibanda ambacho kuta zake ni nyavu mbili zenye makaa katikati, makaa yakiloweshwa kila siku. Vyote viwili hukaa kivulini, mahali penye upepo, na maji ya kulowesha yanaweza kuwa yale yaliyosuuzia vyombo. Hewa ikishakuwa na unyevu mwingi, kama katikati ya vuli, ubaridi hupungua.

Unyevu unaofaa kwenye chungu ni hatari kwenye gunia la mahindi, na Ukambani imelipa kwa maisha ya watu ili kulijua hilo. Mwaka 1981, katika Machakos ya wakati huo ambayo ilijumuisha Makueni ya leo, watu 20 walilazwa hospitalini kwa ugonjwa wa ini na 12 kati yao wakafa. Mwaka 2004 janga lilirudi kwa ukubwa zaidi, hasa Makueni na Kitui: wagonjwa 317 waliorekodiwa, na vifo 125. Sababu ilikuwa aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu iitwayo Aspergillus. Wachunguzi walipopima mahindi na bidhaa zake kutoka kwa wachuuzi wa soko, zaidi ya nusu yalizidi kiwango cha Kenya cha wakati huo, mikrogramu 20 kwa kilo, na asilimia 7 yalizidi mikrogramu 1,000. Walipolinganisha nyumba zilizougua na zile zilizosalimika, waliona kwamba walioathirika walikuwa wamehifadhi mahindi yakiwa mabichi ndani ya nyumba ya kulala. Ni jambo la kuumiza, kwa sababu mahindi huingizwa ndani wakati wa njaa kwa nia njema kabisa: kuyalinda yasiibwe. Hewa haipiti, joto la watu huongezeka, na kuvu hupata kila inachohitaji.

Sumu hii haina harufu wala ladha. Punje inaweza kuonekana safi na bado ikawa nayo. Kupika ugali au kuchoma mahindi hakuiondoi, kwa maana inastahimili joto la jikoni. Kuchagua punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizoliwa na wadudu husaidia, kwa sababu sumu nyingi hujikusanya kwenye punje chache mbovu. Kukoboa pia husaidia. Watafiti wa Kenya waliochapisha kazi yao 2008 walipima mahindi kabla na baada ya kukobolewa kuwa muthokoi, wakakuta sumu imepungua kwa karibu nusu kwa wastani, ingawa sampuli zilitofautiana sana. Kwa hiyo kinu cha bibi kina kinga ya kweli ndani yake, ila si kinga ya kutegemewa peke yake. Mahindi yaliyoota kuvu hayafai kupewa ng'ombe wala kuku pia, kwani sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Kinga huanza shambani. Mahindi yaliyoteswa na ukame hushambuliwa na kuvu yakiwa bado yamesimama. Kuna dawa ya kibayolojia iitwayo Aflasafe KE01, mtama uliopakwa kuvu za jamii hiyo hiyo zisizotoa sumu. Hutawanywa kwa mkono, kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa mbelewele, na kuvu hizo huchukua nafasi ya zile zenye sumu. Inafaa kutawanywa udongo ukiwa na unyevu.

Baada ya kuvuna, adui ni udongo na muda. Kuvu huishi ardhini, hivyo mahindi hayaanikwi kwenye ua mtupu bali juu ya turubai au kichanja. Yatandazwe kwa unene wa vidole viwili au vitatu, yageuzwe kila baada ya muda, na yafunikwe kabla umande haujashuka. Kupura magunzi kwa fimbo ndani ya gunia huokoa saa chache na kupasua punje nyingi, na kila ufa ni mlango wa kuvu na fukusi. Kupukuchua kwa mkono au kwa mashine iliyopangwa vizuri ni bora.

Swali gumu ni lini mahindi yamekauka. Wengi huuma punje na kusikiliza mlio. Meno humsaidia mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi, lakini hata yeye hawezi kutofautisha unyevu wa asilimia 16 na wa asilimia 13, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kuvu itaota. Chumvi inaweza. Chupa ya kioo iliyo kavu kabisa hujazwa mahindi hadi theluthi moja. Huongezwa vijiko viwili vikubwa vya chumvi iliyoanikwa juani au kukaushwa kwenye sufuria hadi ikatiririka bila kugandamana. Chupa hufungwa, hutikiswa kwa dakika moja, kisha huachwa itulie kwa dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za kioo, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 hivi. Ikianguka yote chini na kioo kikabaki safi, yako chini ya hapo.

Jaribio hili lina msingi imara. Chumvi huanza kunyonya maji hewani pale unyevu wa hewa unapofika asilimia 75. Mahindi yenye unyevu wa asilimia 15 hivi, yakifungiwa ndani ya chupa, huipa hewa inayoyazunguka karibu unyevu huo huo wa asilimia 75. Chumvi kwa hiyo inapima hewa ya kati ya punje, ile ile ambayo kuvu inaitegemea. Ndiyo sababu chumvi iliyolowa au chupa iliyooshwa sasa hivi hudanganya, na ndiyo sababu sampuli ichukuliwe kutoka katikati na chini ya rundo, si juu tu ambako jua limepiga. Tena, kiwango salama cha kuhifadhi ni asilimia 13.5 au pungufu, ilhali chumvi huonya kwenye 15. Jaribio likifaulu, mahindi hurudishwa juani siku moja au mbili zaidi ndipo yafungwe.

Yakiwa makavu, anayebaki ni mdudu. Dumuzi, ambaye Wakenya wengi humwita Osama, alitoka Amerika ya Kati, akaonekana Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970 na Taveta mwaka 1983. Huweza kugeuza gunia kuwa unga kwa miezi michache. Mifuko isiyopitisha hewa humshinda bila dawa. Ule uitwao PICS una mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia la kawaida. Wadudu waliofungiwa humaliza oksijeni kwa kupumua, huacha kula, kisha hufa. Kila kitu kinategemea hewa isiingie. Mfuko hukaguliwa kwanza kwa kuupuliza na kuusikiliza, au kuuinua kwenye mwanga. Mahindi hushindiliwa ili hewa itoke, mfuko wa ndani husokotwa na kufungwa peke yake kwa kamba, halafu wa pili, halafu gunia. Usifunguliwe kila wiki kuchungulia: kila ufunguzi huwarudishia wadudu pumzi. Familia inayokula kutoka ghalani hufungua mfuko mmoja ukaisha kabla ya kugusa wa pili.

Mfuko haukaushi. Hili linastahili kusisitizwa kwa kuwa wauzaji hulipita haraka. Mahindi mabichi yakifungiwa ndani hayana pa kutolea unyevu wake, na yataharibika mahali ambapo hakuna anayeona. Chumvi kwanza, mfuko baadaye.

Mifuko hukaa juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta ili mtu aweze kupita kukagua na panya wasipate maficho. Tundu dogo huzibwa kwa utepe wa plastiki. Mfuko wa ndani uliotoboka zaidi ya hapo unaweza kubaki kama wa pili, ikiwa wa kwanza ni mzima.

Kunde, mbaazi na ndengu, ambazo kaunti hizi hulima kwa wingi, hazihitaji hata gunia la kununua pale kiasi ni kidogo. Fukusi wake wanaweza kuuawa kwa jua: turubai jeusi hutandikwa juu ya nyasi kavu, kunde humwagwa kwa unene wa sentimita tatu, na plastiki inayopitisha mwanga hufunikwa juu, kingo zikibanwa kwa mawe. Joto la nyuzi 57 likidumu saa moja huua fukusi, mayai na viluwiluwi vilivyo ndani ya punje, na saa mbili hadi nne za jua kali huhakikisha kwamba hata punje za chini zimefikiwa. Zikishapoa huhifadhiwa kwenye mtungi wa lita 20 au chupa za soda. Chombo kiwe kikavu, kijazwe hadi shingoni ili hewa ibaki kidogo, na kizibo kizungushiwe nta ya mshumaa au ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli. Mtungi uliowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya mimea usitumike hata ukioshwa mara nyingi, kwani plastiki hunywa sumu hizo na kuzirudisha kwenye chakula polepole.